Meli Iliyozamishwa na Miguu

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, Graf von Götzen, katika maji ya jirani na Kigoma. Mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka kwanza mitambo yake grisi nzito isiliwe na kutu, meli ikapakiwa mchanga, ndipo wakaiacha ishuke taratibu hadi chini, kwa matumaini kwamba siku moja watarudi kuiibua. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Hawakuja kwa maji. Walikuja kwa miguu.

Miguu hiyo ndiyo inayonifanya mimi, mzee wa Biharamulo ambaye ziwa lililo jirani naye ni Victoria, niandike habari za meli ya Tanganyika. Nina neno moja la kusema juu ya kizazi cha babu zetu, na sijaona litakalonisaidia kulisema kuliko meli hii. Götzen haikushindwa majini na mtu yeyote. Iliyoizamisha ni safari ya nchi kavu iliyopita Rusumo, ikakata vilima vya Ngara, ikaingia Biharamulo. Na safari ile ilibebwa kichwani na mabegani na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuliona Ziwa Tanganyika, wala hawakujua kwamba kuna meli.

Kwanza niieleze meli yenyewe, maana historia yake inashangaza hata bila kutiwa chumvi. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Ilipokwisha kuungwa ilikaguliwa, kisha ikafunguliwa kipande kimoja kimoja na kufungwa katika makasha 5,000. Makasha yale yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapandishwa kwenye reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa Papenburg walikuja nayo kuiunga upya, wakisaidiwa na vibarua wengi Waafrika. Vita vikawakuta kazini. Meli ilishushwa majini Februari 1915, ikafanya safari yake ya kwanza Juni mwaka huo huo. Urefu wake ulipita meta 70, na iliweza kubeba mamia ya askari kwa safari moja. Ilikuwa imekusudiwa kubeba abiria na mizigo. Ikafungwa mizinga, mkubwa kuliko yote ukiwa wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg baada ya manowari ile kuangamizwa katika delta ya Rufiji, Julai 1915. Tangu hapo Wajerumani walilishika ziwa lote. Mbelgiji wa ng'ambo hakuweza kuvuka.

Na jina lake? Hapa ndipo Ngara inapoingia, na inaingia kabla ya meli kuundwa. Gustav Adolf von Götzen alikuwa mwanajeshi kijana wa Kijerumani aliyetoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 na msafara mkubwa wa wapagazi. Alipita Ushirombo, na mwezi Mei 1894 akavuka Mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo kuingia Rwanda, akakutana na Mwami Kigeli Rwabugiri, akaendelea hadi Ziwa Kivu na kutokea pwani ya Bahari ya Atlantiki. Vitabu humsifu kwa kuivuka Afrika. Ni kweli aliivuka. Mzigo wake wote pia uliivuka Afrika, na hakuubeba yeye. Baadaye akawa gavana wa koloni zima kuanzia mwaka 1901 hadi 1906, na Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 yeye ndiye aliyekuwa akitawala. Meli ikapewa jina la mtu huyo. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuhusika na Götzen katika nchi yetu alikuwa mpagazi asiyejulikana jina, aliyefika ukingoni mwa Kagera na kasha kichwani, miaka ipatayo 20 kabla chuma cha meli hakijafika Kigoma.

Ulimwengu unaisimulia vita ya Ziwa Tanganyika kwa njia nyingine. Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Katanga, kisha zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Kiongozi wao, Spicer-Simson, aliiteka mashua ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Ni habari ya kusisimua na imeandikwa mara nyingi. Kutokana na vita ile C. S. Forester alipata riwaya yake ya mwaka 1935, The African Queen, na mwaka 1951 ikatoka filamu ambamo meli ya Wajerumani inazamishwa kwa ujasiri wa Wazungu wawili. Mambo hayakuwa hivyo. Götzen ilipotokea siku moja baada ya Hedwig kuzama, ikimtafuta mwenzake, Spicer-Simson alikataa kutoka kwenda kupigana nayo. Wala simlaumu; mashua zake zilikuwa na urefu wa meta 12 tu. Katikati ya mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za majini zikaipiga Kigoma mabomu, na bado meli ilikuwa inaelea. Mtu anayetaka kujua kilichoizamisha lazima aliache ziwa, apande kaskazini, aje huku kwetu.

Upande wa Victoria Waingereza walikuwa wamezifunga mizinga meli za Reli ya Uganda, akina Winifred, Nyanza na Usoga, ambazo kabla ya vita zilikuwa zikibeba pamba, ngozi na abiria. Juni 1915 meli hizo zilishusha askari Bukoba, wakaivunja stesheni ya simu ya upepo ya Wajerumani, wakaondoka. Ulikuwa uvamizi wa siku chache. Mwaka uliofuata ndio uliotufikia hasa.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, yalikuwa yameingia Rwanda. Brigedi ya kaskazini, ya Molitor, ilishika Kigali, kisha ikageukia mashariki na kusini. Rusumo palikuwa na daraja, na Wajerumani walijichimbia kulilinda. Wabelgiji wakashika vilima vinavyolizunguka mpaka walinzi wakaondoka. Kutoka hapo njia ikawa wazi kuelekea kwetu. Tarehe 24 Juni waliingia Biharamulo na kulikuta boma lile ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga mwanzoni mwa karne. Siku sita baadaye walifika Namirembe, kwenye maji ya Victoria. Tarehe 3 Julai, pale Kato, kikosi cha Meja Rouling kilipambana na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Bukoba; kamanda wao, Gudovius, akajeruhiwa na kutekwa. Huku nyuma brigedi ya kusini, ya Olsen, ilikuwa imechukua Usumbura na Kitega, ikishuka kuelekea Kigoma.

Mtu akiifungua ramani ataona maana yake mara moja. Biharamulo ikishikwa, Bukoba haina pa kurudi. Kaskazini magharibi yote ikianguka, majeshi ya Kijerumani lazima yakusanyike Tabora, alikokuwa Jenerali Wahle, ama sivyo reli itakatwa katikati. Na Kigoma, mwisho wa reli, itabaki peke yake ukingoni mwa ziwa. Mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umekwisha kung'olewa kwenda kupigana nchi kavu. Meli bila mzinga, bandari bila jeshi. Ndipo wakatoa amri ya kuizamisha. Tabora nayo ikaanguka tarehe 19 Septemba.

Sasa nani aliyefanya jeshi hilo liweze kutembea? Mbung'o na ndigana ziliua punda na ng'ombe wa mizigo katika mapori yetu, magari hayakuwa na barabara, na reli ilikuwa mbali. Alibaki binadamu. Askari wa Wabelgiji katika vita ile hawakufika 20,000, lakini wapagazi waliokusanywa, kwa makadirio ya wanahistoria, walipita 200,000. Kwa kila askari mmoja mwenye bunduki kulikuwa na zaidi ya watu kumi wasio na chochote mkononi.

Fikirini hesabu yake, maana inauma kuliko simulizi la risasi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 au zaidi kidogo. Mtu anayetembea kutwa anahitaji chakula kama kilo moja kwa siku. Ukimpa abebe chakula, baada ya siku 25 atakuwa ameshakula mzigo wote, hata kama hakuna askari aliyeonja. Na bado hajarudi kwao. Kwa hiyo jeshi lilitembea huku likila kila lilipopita. Watwale, wale machifu wadogo, na wanyampara walidaiwa watu, na baada ya watu walidaiwa mtama, ndizi na maharage, mpaka mbegu ya msimu uliofuata. Waliolala msituni wasionwe na wakusanyaji waliacha mashamba. Waliochukuliwa waliacha mashamba. Yote mawili yaliishia kwenye sufuria moja tupu.

Nilipokuwa mtoto niliwakuta baadhi ya wazee wa rika lile wangali hai. Walipoizungumzia vita ya Wajerumani na Wabelgiji hawakutaja mapigano hata kidogo. Walitaja kamba iliyokata bega, kuhara damu, baridi ya alfajiri kwa mtu asiye na blanketi, na mwenzao aliyekaa chini ya mti kupumzika asiinuke tena. Hawakuonyesha hasira dhidi ya Mjerumani kuliko dhidi ya Mbelgiji. Walikuwa wamembebea huyu, halafu huyu akafukuzwa na huyo, wakambebea huyo. Wengine walianza vita wakiwa upande mmoja na kuimaliza wakiwa upande wa pili bila kuulizwa popote.

Tena rika lile halikuanza kuteseka mwaka 1916. Wazazi wao walikuwa wameona sotoka ikiwamaliza ng'ombe miaka ya 1890, na funza wakiingia nchini kutoka magharibi na kuwaharibu watu vidole vya miguu. Vita ilipokwisha ikaja homa kubwa ya mwaka 1918, iliyoua watu dunia nzima. Halafu mipaka ikachorwa juu ya vichwa vyao: Bugufi, iliyokuwa sehemu ya Urundi, ikawekwa Tanganyika chini ya Waingereza, ndugu wakabaki ng'ambo ya mpaka upande wa Wabelgiji. Mhangaza mmoja wa Bugufi angeweza kuzaliwa chini ya mwami, akatozwa kodi na Mjerumani, akambebea mzigo Mbelgiji na kuzikwa chini ya utawala wa Mwingereza, bila kuhama kilima chake.

Ninalisema hili kwa sababu meli imetendewa vizuri kuliko wao. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena katika dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiibua Machi 1924, wakakuta ile grisi imefanya kazi yake na mitambo bado inafaa. Ikatengenezwa, ikapewa jina la Liemba, na Mei 1927 ikarudi kazini. Mwaka huo huo wa 1927, Dar es Salaam, ilizinduliwa sanamu ya Askari. Maandishi yake yanawakumbuka pia wapagazi, na hilo ni jambo jema. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa wakiwatumikia Waingereza walikaribia laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa. Lakini sanamu ile iliwekwa kwa ajili ya waliomtumikia mfalme wa Uingereza. Watu wa Ngara na Biharamulo waliobeba mwaka 1916 walimbebea Kaiza, kisha wakambebea Mfalme Albert wa Ubelgiji. Mjerumani alifukuzwa. Mbelgiji alikabidhi Kigoma na Ujiji kwa Waingereza mwaka 1921 akarudi ng'ambo. Nani angebaki kuwakumbuka? Ukiwatafuta katika jiwe lolote la kumbukumbu, unawatafuta kwa watu waliokwisha kuondoka.

Baba zetu, waliozaliwa vita ikiisha, walitembea vilevile, ingawa safari hii kwa kujitakia kidogo. Kodi ilitaka fedha, na fedha ilikuwa Buganda, kwenye mashamba ya pamba na kahawa. Wahangaza na Washubi waliijua njia ya Uganda mguu kwa mguu. Wakarudi na baiskeli, na shati, na maneno ya Kiganda, na wengine hawakurudi. Wao nao hawakusimulia sana ya baba zao. Naona walitaka kuyaacha.

Sisi tuliofuata tulizaliwa chini ya Waingereza, tukapata Uhuru tukiwa vijana, tukahamia vijiji vya ujamaa, tukaiona vita ya mwaka 1978 na 1979 ikiuwasha moto mkoa wetu huu wa Kagera. Lakini kama kuna siku moja iliyokipima kizazi chetu hapa, kwangu mimi ni tarehe 28 Aprili 1994 na usiku wake. Katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Pale pale alipovuka von Götzen karne moja kabla yake, pale pale walipovuka Wabelgiji, sasa walipita mama na watoto na wazee, vichwani wamebeba magodoro, masufuria na majembe. Kambi ya Benaco, karibu na Kasulo, ikawa kama mji mkubwa ndani ya wiki moja. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia na walikuwamo waliokuwa wameua katika mauaji ya kimbari. Nasi hatukuwa na njia ya kuwatenganisha kwa macho. Miti ilikatwa mpaka vilima vikabaki wazi. Visima vikagombewa. Wenyeji walilalamika, tena kwa haki. Pamoja na hayo walitoa maji, walitoa mihogo, waliwaonyesha watu mahali pa kuchimba choo. Mwishoni mwa mwaka 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao kwa daraja lile lile, wengi bila kupenda.

Na Liemba? Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliitumia kuwarudisha kwao zaidi ya watu 75,000 waliokuwa wameikimbia vita ya Zaire. Mei 2015 ikaitwa tena: makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kimeingia, barabara hakuna. Liemba ikawa inakwenda na kurudi, ikibeba kama watu 600 kila safari hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambini Nyarugusu. Ile ile iliyoundwa Papenburg. Ile ile iliyozama mara mbili.

Nimesoma maelezo mengi ya utumishi wa meli hii, na karibu yote hukaa sana kwenye mizinga. Utumishi wake wa vita ulidumu kama mwaka mmoja tu. Kubeba abiria, dagaa, mahindi na wakimbizi kumechukua miongo na miongo. Kwa haki ya mizani, vita ilikuwa sehemu ndogo ya maisha yake, na wakimbizi wa mwaka 1997 na 2015 wana haki ya kuandikwa mbele ya Mimi na Toutou. Vivyo hivyo babu zetu. Miezi ile ya mzigo haikuwa maisha yao yote: walilima, walioa, walitambika, walifundisha watoto kutega na kuvuta nyuki. Lakini miezi ile ndiyo iliyoingia katika historia ya dunia, na ndiyo ambayo haikuandikwa majina.

Kwa hiyo wajukuu zangu, hasa ninyi mnaofundisha historia katika sekondari za Ngara, Rulenge, Nyakahura na Biharamulo mjini, nina ombi. Waliobeba wamekwisha wote. Waliowasikia waliobeba, yaani watu wa umri wangu, bado tupo wachache. Wapeni wanafunzi daftari, wawaendee bibi na babu zao, waulize maswali mepesi: Nani katika ukoo alichukuliwa? Nani alimchukua? Alibeba nini, alifika wapi, alirudi lini? Kama hakurudi, shamba lake lilichukuliwa na nani, na mkewe aliishi vipi? Waandike jina la mtu na jina la kilima, kwa Kihangaza, Kishubi, Kisubi au Kizinza kama ndivyo linavyotamkwa nyumbani. Majina yakipatikana hata mia mbili, yakae mahali pa wazi palipo na historia hiyo, na mimi ningechagua boma la Biharamulo, pamoja na tarehe 24 Juni 1916. Nakala moja ipelekwe Kigoma, iwekwe ndani ya Liemba, penye njia ya abiria, ili anayepanda ajue kwamba kuna watu wa Kagera katika historia ya meli ile.

Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji likizo moja ya Juni, na ianze likizo hii.